Kaburi Langu Liko Mikocheni

Kwanza niwashukuru mliolia. Mliokula wali wa matanga yangu bila kulia nawajua pia, na nimewasamehe, maana nimeambiwa wali wenyewe ulikuwa mkavu. Habari iliyofika hapa Tabora ilisema Mwajuma binti Kapela ameanguka na ndege, amebebwa kwenye jeneza, na kaburi lake liko Mikocheni, nje ya mji wa Dar es Salaam. Karibu yote ni kweli. Nilianguka na ndege, nilibebwa kwenye jeneza, na kaburi langu liko huko hadi leo. Hilo la kufa tu ndilo nataka kulirekebisha.

Tangu nishuke kwenye gari moshi naulizwa kisimani, sokoni, hata chooni kuna mtu ananingoja nje na swali lake. Nimechoka kurudia. Basi nimekaa na kalamu, nimeandika yote mara moja. Asiyejua kusoma asomewe.

TABORA HADI DODOMA

Mguu wangu mnaujua. Gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe liliukanyaga wa kushoto tulipokuwa tukitoa karanga shambani, na kidonda kilichoanza kama mchezo kikaoza. Vidole vikawa vyeusi, na si weusi wetu huu wa kuzaliwa. Ulikuwa weusi wa ndizi iliyosahauliwa kapuni. Daktari wa hapa akautazama, akaweka kiganja chake chini ya goti langu, akasema tutakata hapa. Nikamwambia akakate kuni. Alikasirika, nami nikakasirika zaidi, kwa kuwa mguu ulikuwa wangu. Mwishowe akasema yuko daktari mmoja Dar es Salaam, Mhindi, mwenye mkono wa kuokoa miguu kama huu, ila niwahi. Weusi ukishavuka kifundo, hata huyo hataweza kitu.

Gari moshi lilikuwa haliendi, mvua ilikuwa imekula reli huko mbele. Ilikuwapo ndege ndogo ya barua. Jinsi nilivyopata nafasi ndani yake ni habari ya makaratasi na mihuri, haina utamu, naiacha. Asubuhi ya kuondoka nilichukua wanja wangu, nikachora mstari kuuzunguka mguu, kwenye kifundo. Nikauambia ule weusi: mpaka wako ni hapa.

Ndani tulikuwa watatu. Mbele alikaa rubani, kijana wa Kiingereza mwenye masikio mekundu. Katikati alikaa Bwana mmoja mnene na kofia yake, kiko cha tumbaku mdomoni. Nyuma kabisa, sakafuni, juu ya mifuko ya barua, nilikaa mie na mguu wangu na kikapu cha kuku wa kukaanga. Kabla hatujaruka, yule Bwana alifunika pua kwa kitambaa na kusema neno kwa rubani. Nikajua ni harufu ya mguu. Nami nikafunika pua kwa kanga nikaonyesha kidole kile kiko chake, kilichonuka zaidi. Tangu hapo hatukutazamana.

Kupaa kwenyewe sitawadanganya: niliita majina yote ya Mungu niliyofundishwa, na mengine nadhani niliyatunga.

DODOMA

Dodoma tulishuka kuongeza mafuta, ikasemekana pwani kuna mvua kubwa, tungoje. Rubani na Bwana wakaenda kunywa chai kwenye nyumba ya bati. Mie niliachwa ndani ya ndege juani, kwa kuwa sikuweza kushuka na hakuna aliyeniuliza.

Mama mmoja wa Kigogo, mchuuzi wa maziwa, alikuja akachungulia mlangoni. Alitazama mbawa, akanitazama mie, akauliza, "Huko juu mnavuta pumzi gani?"

"Hii hii."

"Inafika?"

"Inafika, lakini inanuka kiko."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauona mguu, akaacha kucheka. Akanimiminia maziwa mgando kwenye kata, nami nikampa paja la kuku. Tulikula, yeye kasimama nje, mie nimekaa ndani. Alipoondoka alisema, "Usikubali wakukate, mwanangu. Mtu hukatwa na Mungu tu." Sikumjua jina, na ndiye mtu wa kwanza katika safari ile aliyesema nilichotaka kusikia. Jua lilipogeuka nilitazama mstari wa wanja. Weusi ulikuwa umesogea, ila ulikuwa bado mbali na kifundo.

DODOMA HADI MAJARUBA YA MPUNGA

Tuliruka bila kungoja mvua iishe pwani, kwa sababu yule Bwana alikuwa na haraka zake. Safari hii moja nilimuunga mkono.

Kwanza palikuwa na jua. Kisha tukaingia katika wingu, na ndani ya wingu hakuna juu wala chini, kuna kutikiswa tu kama mchele kwenye ungo. Injini ya kulia ikakohoa. Ikanyamaza. Ikakohoa tena, halafu ikanyamaza moja kwa moja, na ndege ikainama upande ule. Bwana alitoa kiko mdomoni. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Tulipochomoka chini ya wingu niliona bahari kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na sikuipenda. Uwanja wa ndege ulikuwa umezibwa na mvua kama na pazia. Rubani akageuza, akatafuta, akageuza tena. Nikaona minazi, kisha miti ile mirefu yenye shina la kugawanyika wanayoiita mikoche, na katikati yake bonde la kijani lililo tambarare. Rubani akapiga kelele neno moja. Bwana akakumbatia kofia yake. Mie nikaukumbatia mguu.

Lile bonde lilikuwa majaruba ya mpunga, yamejaa maji ya masika. Magurudumu yaligusa, yakazama, matope yakaruka mpaka yakafunika vioo, na ndege ikakita pua chini, mkia juu. Mifuko yote ya barua ikanimwagikia. Barua za watu ndizo zilizoniokoa mbavu, na ningezishukuru kama si yale yaliyofuata.

Baada ya kelele hizo niliwasikia vyura. Nikajua niko hai, kwa maana peponi sidhani kama kuna vyura wengi hivyo.

MIKOCHENI

Watu wa Mikocheni walikuwa wameiona ndege ikianguka. Nao ni Waislamu wa pwani, watu wa maziko ya haraka: mtu akifa asubuhi, adhuhuri yuko ardhini. Waliona chuma kimetoka mbinguni na kuzama matopeni, wakasema walio ndani wamekwisha. Wengine walikwenda moja kwa moja makaburini kuanza kuchimba, mvua isije ikawazidi. Wengine walikuja kwetu na jeneza la msikiti mabegani.

Mbele yao alikuwa Maalim Sefu, mwalimu wa chuo cha Kurani na mwangalizi wa jeneza hilo, mzee wa ndevu chache, kanzu kaikunja mpaka magotini. Alifika mlangoni akianza, "Inna lillahi," akaniona namtazama, akaishia hapo.

"Shikamoo, Maalim," nikasema.

"Marahaba," akajibu polepole. "Wako wapi maiti?"

"Hatujafa bado."

Walisimama wanatazamana na jeneza lao. Rubani alitoka kwa dirisha, paji la uso linatoka damu. Akaliona jeneza. Lina miguu minne na limefumwa kamba, na yeye akadhani ni kitanda wamemletea apumzike. "Ah, kitanda! Asante sana!" akasema, akakaa juu yake, akafunga kichwa kitambaa. Watu wote walirudi nyuma hatua moja. Mwanamke mmoja mfupi aliyelowa kanga zote mbili akasema, "Huyu kajipigia hodi mwenyewe." Hakuna aliyethubutu kumwambia Mzungu ainuke.

Mwanamke huyo ndiye Bi Chausiku, na bila yeye ningekuwa na mguu mmoja leo. Aliingia nusu ndani ya ndege, akaniangalia. "Weye kabila gani?"

"Mnyamwezi. Wa Tabora."

Akapiga makofi, akageukia wenzake. "Mtani! Mungu kajua tumechoka na mvua, katuangushia mtani!"

Nyie mnajua, ila naandika kwa ajili ya watoto: Wazaramo na sie ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu waliposhuka pwani na mizigo ya watu vichwani. Mtani hukutukana usoni nawe hukasiriki. Huchukua kitu chako bila kuomba. Na ukifa, yeye ndiye anayekuja kuwachekesha waliofiwa, na hakuna anayemkataza.

"Nyie si wapagazi?" akaniambia. "Leo mmechoka kubeba mzigo, mmejigeuza mzigo?"

"Babu yangu alibeba pembe za ndovu toka Tabora mpaka kwenye maji yenu haya," nikamjibu, "na hakuna Mzaramo aliyempokea hata hatua moja. Mlikuwa ngomani. Leo ndiyo zamu yenu."

Walicheka wote, hata Maalim. Nilijua niko kwa watu.

Ndipo likaja gari. Lilikuwa limetumwa kutafuta ndege, likasimama kwenye mikoche ambako njia ni ngumu. Vijana wakasaidia kumvusha Bwana matopeni. Rubani alirudi kwa ajili ya mifuko ya barua, mmoja mmoja, mpaka yote. Nikamwona anaipanga garini. Kiti cha nyuma kikajaa. Akaja kwangu, masikio mekundu zaidi, akanipa koti lake, akasema, "Mama, ngoja hapa. Gari rudi baadaye."

"Baadaye lini?"

"Baadaye. Kesho, labda. Njia mbaya."

Nilimwonyesha mguu. Nilimwonyesha mstari. Weusi ulikuwa umebakiza upana wa kidole kuufikia. Nikamwambia atoe barua aniweke mie. Alielewa, nina hakika alielewa, kwa sababu aliangalia chini. Akasema barua ni mali ya serikali. Gari likaondoka. Barua za watu zilipata kiti, mie nikapata koti.

Sikulia. Hasira ilinikausha macho. Nikamwita Maalim Sefu, nikamwambia, "Maalim, nibebeni kwa jeneza mnipeleke hospitali."

MIKOCHENI HADI TANDALE

Hapo palizuka mjadala, na vyura walinyamaza kuusikiliza. Maalim alisema jeneza ni wakfu, limetolewa kwa ajili ya maiti, na aliye hai halali humo. Mwingine akasema ni mkosi, atakayelala hai atarudi maiti kabla ya mwaka. Mwingine akataja machela, lakini machela hawakuwa nayo, na vitanda vyao vilikuwa vizito havipiti milangoni.

"Mtani si mtu," alisema Bi Chausiku. "Mtani ni mzigo. Mkosi haumpati mzigo."

"Bibi, nyamaza kidogo," Maalim akasema. "Hili ni jambo la sheria."

Nami nikasema, "Maalim, nisikilize. Nikibaki hapa, sumu ya mguu huu itapanda, nitakufa, na mtanibeba kwa jeneza hilo hilo. Ninachoomba ni mnibebe mapema."

Alivuta ndevu zake zile chache. Akacheka bila kutaka. "Mapema," akasema. "Haya. Lakini kwa sharti. Asitokee mtu akasema uongo kwamba amekufa. Akiulizwa, aseme kweli."

Wakanilaza, wakanifunika kwa koti la rubani na juu yake kitambaa cha jeneza, kwa ajili ya mvua. Maalim akaanza tahalili, kwa maana, alisema, La ilaha illallah humfaa aliye hai kuliko aliyekufa. Bi Chausiku akafunga kanga kiunoni afuate. Mzee mmoja akamwambia wanawake hawafuati jeneza. "Sifuati jeneza," akasema, "namfuata mtani wangu asije akanitoroka."

Njia ya Kinondoni ilikuwa chini ya maji, tukapita Kijitonyama. Na hapo niliona jambo ambalo mtu mwenye gari hataliona maisha. Kwa watu wale, akikutana na jeneza njiani, mtu huacha alichobeba, huingia begani, hubeba hatua kadhaa, kisha humwachia mwingine. Haulizi ni nani. Ni thawabu. Mkwezi alishuka mnazini akaja. Muuza maji aliweka madebe yake pembeni. Watu waliokuwa wamejikinga mvua vibarazani walitoka kunyeshewa. Mabega yalikuwa yakibadilika chini yangu bila jeneza kusimama hata kidogo, na kila aliyepokea alikuwa na nguvu mpya. Nilikuwa nikienda mbio. Kama babu yangu angepata msaada huo, misafara ingefika pwani kwa wiki moja.

Nimelala pale, nimefunikwa, nilisikia tahalili na miguu ikichapa matope. Watu hawa hawanijui, nikasema moyoni, na wote wamenipokea. Wale walionijua mguu waliniacha na vyura.

Tandale ilikuwa siku ya soko. Tulipofika katikati ya wauzaji pua yangu ilikamata muhogo wa kukaanga, wenye chumvi na pilipili, na tangu yale maziwa ya Dodoma sikuwa nimekula kitu. Nilivumilia. Muhogo ulikaribia. Nikashindwa.

"Jamani," nikasema chini ya kitambaa, "mnipitishie muhogo."

Muuzaji alitupa upawa. Watu watatu walirukia biwi la maganda. Waliobaki walilishika jeneza kwa Bi Chausiku kuwafokea: "Tulieni! Maiti ya Kinyamwezi, hata ikifa inakula!"

Mmoja hakukimbia wala hakucheka. Alikuwa fundi seremala, mtu mzima, alikuwa amebeba tangu Kijitonyama bila kukubali kupokewa, na nilikuwa nimemsikia akilia. Alikaza macho kwangu. "Mmenichezea," akasema. "Juzi nimemzika mke wangu. Nimekubeba weye nikimkumbuka yeye. Nimekulilia."

Hilo halikuwa la utani. Nilijiinua, nikamwonyesha mguu, nikamwambia, "Ndugu yangu, sijakuchezea. Nimeachwa na gari, nataka kufika kabla weusi huu haujavuka mstari. Pole sana kwa mkeo. Ukitaka kuniacha, una haki."

Maalim akataka kusema kitu, fundi akamzuia kwa mkono. Aliutazama mstari wa wanja muda mrefu. Kisha akanunua muhogo mwenyewe, akanipa mkononi, akarudi mbele, akainua jeneza. "Huyu anafika," akasema. "Wa kwangu hakufika."

DARAJA LA JANGWANI

Toka Magomeni unashuka bonde la Jangwani, na siku ile bonde zima lilikuwa mto. Kwenye daraja alisimama askari na rungu, mtu wa bara kwa lafudhi yake, amefunga njia. Maji yalikuwa yakipita juu ya daraja hadi katikati ya muundi. Malori yalikuwa yamepangwa, na watu wamekaa juu ya mizigo yao wakingoja.

"Hapiti mtu," askari akasema.

Maalim akamwambia kwa adabu kwamba tunaenda hospitali.

"Hospitali?" Askari alitazama kitambaa. "Mzee, maiti hana haraka. Mwekeni chini, maji yatashuka kesho."

Kesho. Neno lile lile la rubani. Sikuweza kulisikia mara ya pili siku moja. Nikafunua kitambaa, nikakaa wima juu ya jeneza, muhogo mkononi, nikamwambia, "Mie nina haraka."

Rungu likaanguka majini likaenda zake. Nyuma yetu malori yalipiga honi kwa kicheko. Askari alifanya ishara ya msalaba, midomo inacheza. Alipopata sauti akauliza, "Mama, wewe ni nini?"

"Mgonjwa. Kama unataka nife hapa, niambie, ili nijue niwaambie Tabora ni nani aliyenizuia."

Alitazama mguu. Alitazama maji. Alikuwa kijana mwenye amri yake, na nikaona amri inapigana na kitu kingine usoni mwake. Kisha akavua viatu, akavifunga shingoni, akasema, "Sijamwona mtu kupita." Akashika mguu wa mbele wa jeneza, upande wa maji makali. Tulivuka hivyo, Maalim akisoma, fundi akihesabu nyayo kwa sauti, Bi Chausiku ameshika mkanda wa askari akimtukana asiteleze. Upande wa pili askari akarudi zamu yake na kutufungia njia nyuma yetu.

MLANGO WA HOSPITALI

Tulifika jua likiwa chini ya mawingu, Kariakoo nzima sasa iko nyuma yetu, maana habari ya maiti anayekula muhogo ilikuwa imetutangulia. Mlinzi wa hospitali aliliona jeneza akanyoosha mkono pembeni bila kuinua kichwa. "Maiti nyuma. Mlango wa nyuma."

"Mie naingia kwa mlango wa mbele," nikasema, "na nikishindwa, hapo ndipo utanipitisha nyuma."

Mlinzi alikimbilia ndani, na kwa kupiga kwake kelele ndipo daktari akatoka. Mhindi mfupi, miwani, aproni ina madoa. Hakuuliza habari ya jeneza. Alipiga magoti kwenye matope ya ngazini, akaushika mguu kwa mikono yote miwili, akausogeza kwenye mwanga.

"Nani amechora mstari huu?"

"Mimi."

Aliweka kucha yake kati ya weusi na wanja. Iliingia kwa shida, lakini iliingia. "Haujavuka," akasema. Bi Chausiku akapiga kigelegele, na watu wote barabarani, ambao hawakujua hata kimevuka nini, wakaitikia.

WODINI

Mguu uliokolewa. Vidole vitatu havikuokolewa, na daktari alinieleza hivyo kabla ya kunilaza, kama mtu anavyomweleza mwenye mali. Nikakubali. Nilisema tu, "Vidole ni vyangu. Visichomwe." Alishangaa, akaniahidi.

Kabla sijaweza kukaa vizuri alikuja ofisa mmoja wa polisi wa Kizungu na mkalimani. Gari lilikuwa limerudi Mikocheni na kukuta ndege tupu, na ikavumishwa kwamba wenyeji wamemkamata abiria. Wakataka niseme ni watu gani walioniiba.

"Mwambie sikuibwa," nikamwambia mkalimani. "Niliachwa. Kilichoachwa huokotwa."

"Nani waliokuokota? Anataka majina."

"Mwambie ni mji mzima. Aanzie Mikocheni, apite Tandale, kila bega atakaloliona lina alama ya mti wa jeneza aandike jina." Mkalimani alitafsiri akitazama dari. Hawakurudi tena.

Bi Chausiku na Maalim walikuja saa ya kutazama wagonjwa. Yeye aliingia wodini anaomboleza kwa sauti, mikono kichwani, mpaka nesi akakimbia kuona nani amekufa. Kisha akakaa kitandani pangu, akaongea kama mtu wa kazi.

"Mtani, tuna shida. Siku ile kaburi tulishalichimba, mpaka kiunoni. Kaburi halikai tupu, weye wajua, linaita. Tumelaza mgomba ndani kwa muda. Lakini mgomba hauna jina, na kila anayeumwa kichwa pale mtaani sasa anasema kaburi lako linamvuta."

"Hilo la kuita halimo kitabuni," Maalim akasema.

"Halimo kitabuni, limo Mikocheni," akajibu. "Mtani, tumechimba na mvua, mikono imechubuka. Tupe chochote."

Nikamwita daktari. Vidole vyangu vitatu vikaletwa, vimefungwa kwenye pamba. Maalim alitoa kipande cha sanda, akavikunja ndani yake kwa heshima, maana kiungo cha mtu, hilo alisema limo kitabuni, huzikwa. Nesi alikuwa amesimama ukutani ameziba mdomo. Waliondoka wamevibeba, Bi Chausiku akilia tena mpaka getini.

MIKOCHENI, MARA YA PILI

Reli ilipotengenezwa nilipewa ruhusa. Walinipa fimbo. Kabla ya kwenda stesheni nilipanda lori mpaka Magomeni, na kutoka hapo nikatembea mwenyewe, kwa kupumzika sana, hadi Mikocheni. Fundi seremala alinisindikiza toka Tandale. Ile fimbo ya hospitali hakuipenda, akaniachia nyingine aliyoichonga yeye.

Ndege ilikuwa imeshavutwa, imebaki alama yake tu kwenye mpunga, na mpunga ulikuwa unaanza kuifunika. Bi Chausiku alinipeleka makaburini. Langu liko pembeni, shimo la mtu mzima, ila tuta lake fupi, unaweza kudhani ni la kitoto kichanga. Upande mmoja lilikuwa halijajazwa sawasawa. Nikauliza kwa nini.

"Tumekubakizia udongo," akasema. "Umeona wapi maziko ya mtani na mtani mwenyewe hatupii mchanga?"

Nikaegemeza fimbo kwenye mkoche. Nikainama, nikachota udongo mara tatu kama inavyofanywa, nikautupa juu ya kaburi langu, Maalim akasema amin. Kisha nikainuka bila fimbo, nikasimama kando yake kwa miguu yangu miwili. Nililia hapo, sikuona haya.

Bi Chausiku alinitazama juu mpaka chini, akatikisa kichwa. "Wanyamwezi! Hata kufa hawamalizi. Vidole vitatu! Tumechimba kaburi la mtu mzima."

"Vilivyobaki ni vyangu," nikamwambia. "Mkivitaka, vifuateni Tabora, na mje na jeneza lenu."

Nikachukua fimbo yangu, nikaenda kupanda gari moshi.